Joseph Smith na Asili ya Wamormoni

Mwenye kutaka kuijua dini ya watu yampasa aanze na khabari za mwanzilishi wake, azisome kwa uadilifu, asizidishe wala asipunguze. Somo letu la leo ni khabari za Joseph Smith, ambaye Wamormoni humwita nabii. Wamormoni hujihisabu katika Wakristo. Makao yao makuu yako Salt Lake City, Marekani, na wafuasi wao wamefika hata Nairobi. Sisi Waislamu twaamini kuwa unabii umekhitimishwa; lakini itikadi yetu haituondolei wajibu wa kujua tunalolikataa.

Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 katika jimbo la Vermont, kwa wazazi wakulima wasio na mali. Alipokuwa mtoto walihamia magharibi ya jimbo la New York, ambako wahubiri wa madhehebu mbali mbali walikuwa wakishindana kuvuta watu. Yeye alisema ya kwamba mwaka 1820 aliingia msituni kuomba aonyeshwe madhehebu ya haki, akatokewa, akaambiwa asifuate hata mojawapo. Akasema tena kuwa mwaka 1823 alijiwa na malaika, jina lake Moroni, akamjulisha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani karibu na kwao, naye akayapata mwaka 1827. Akayafasiri huku wenziwe wakiandika, na Kitabu cha Mormoni kikapigwa chapa mwaka 1830, nuskha 5,000. Tarehe 6 Aprili mwaka huo huo akaanzisha kanisa lake.

Na tutazame ushahidi. Mabamba hayako, Smith alisema yalirudishwa kwa malaika. Kilichobaki ni maneno ya watu 11 waliotia majina yao kuwa waliyaona. Wanane katika hao walikuwa jamaa za Smith au jamaa za Whitmer, aliyekuwa mmoja wa wale watatu wengine. Hao watatu baadaye walikhitilafiana naye wakatoka kanisani, lakini hawakuukana ushahidi wao. Na insafu yatulazimu kulisema hili pia.

Iko khabari nyingine ambayo asili yake ilionekana. Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, Smith na wafuasi wake walinunua maiti za Kimisri zilizokaushwa pamoja na hati za mafunjo. Smith alisema mna maandishi ya Nabii Ibrahim, na fasiri yake ikatolewa mwaka 1842. Miaka mingi hati zile zilidhaniwa zimeungua zote. Mwaka 1967 jumba moja la makumbusho la New York likalikabidhi kanisa vipande vilivyosalia. Wajuzi walipovisoma waliona ni maandishi ya maziko ya Wamisri wa kale, wala Ibrahim hatajwi. Kanisa lenyewe lilikiri mwaka 2014 kwamba maandishi ya vipande vile hayalingani na fasiri. Baadhi ya wafuasi hujibu kuwa sehemu iliyofasiriwa imepotea, na wengine kuwa hati zilikuwa sababu tu ya ufunuo. Msomaji na apime.

Maadui wa Smith hawakungoja kupima. Mwaka 1838 gavana wa Missouri aliamuru Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Wakakimbilia Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo. Huko Smith alioa wake wengi kwa siri. Juni 1844 waliojitenga naye walipolifichua jambo hilo gazetini, yeye, akiwa meya, pamoja na baraza lake, waliamuru mtambo wa gazeti uvunjwe. Akatiwa jela mjini Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu wenye silaha likavamia, likamuua yeye na nduguye Hyrum.

Je, jambo lake lilikwisha? La. Mwaka 1847 Brigham Young aliwafikisha watu katika bonde la Utah, na leo kanisa lao lahisabu wafuasi zaidi ya milioni 17. Risasi hazikubainisha kama Smith alisema kweli au uongo. Zilimfanya shahidi mbele ya wafuasi wake. Kuvunja mtambo nako hakukuibatilisha khabari ya gazeti. Lililoweka wazi jambo la fasiri ni vipande vichache vya mafunjo, na watu waliojifundisha kuvisoma. Basi anayejiwa na mhubiri yeyote mlangoni asimtukane wala asimfukuze kwa mawe. Na amwulize: asili ya khabari hii iko wapi, na ni nani aliyeishuhudia?

Wabillahi taufiki.