Bonasi, Oktoba na Sauti Redioni

Kila Oktoba, bonasi ya KTDA inapowafikia wakulima wa majani chai, matangazo huongezeka kutoka Kebirigo hadi Nyamache. Gari lenye vipaza sauti hupita Keroka likinadi matangi ya maji na miche ya parachichi, na stejini hakukosi muuza dawa anayetibu kila kitu kuanzia kiuno hadi mkosi. Wengi wanaouza ni watu halali. Lakini mkweli na laghai huvutia wateja kwa mbinu zile zile, kwa hiyo heri kuzifahamu mbinu kabla hujamhukumu mtu.

Mwaka 1937 wasomi wa New York waliunda taasisi ya kuchambua propaganda, wakaorodhesha mbinu saba. Walikuwa wakiwatazama zaidi wanasiasa, ila orodha yao inafaa hata kwa muuza mbegu. Kwetu, nne ndizo zinazouma.

Ya kwanza ni kukuonyesha nusu ya hesabu. Wakumbuke kware wa 2013. Nchini kote watu walijenga vizimba, wakaomba vibali vya shirika la wanyamapori, KWS, kwa kuwa huyo ni ndege wa porini, wakaambiwa mayai yake yanatibu kisukari na presha. Yai moja dogo liliuzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Karatasi ya hesabu iliyopitishwa mkono kwa mkono haikuwa na kosa la kujumlisha: ndege wangapi, mayai mangapi, shilingi ngapi. Kilichoachwa ni mnunuzi. Wengi walionunua walikuwa wafugaji wapya, nao walitaka mayai ya kuangua ili wawauzie wafugaji wapya zaidi. Wapya walipokwisha, soko likaanguka, na kufikia 2014 watu walikuwa wakiyala mayai yao wenyewe. Basi mtu akikupa hesabu ya faida ya kilimo chochote, muulize nani atakayekula au kutumia mazao hayo mwishoni, na ananunua wapi leo. Asipokuwa na jibu, miche yake ibaki kwake.

Mbinu ya pili ni msukumo wa umati, "wenzako wameshajiunga", na pacha wake, saa inayoyoyoma: ofa inaisha leo jioni. Anayekuharakisha hataki uulize nyumbani. Lala na wazo hilo usiku mmoja. Biashara halali itakuwepo asubuhi.

Ya tatu, ushuhuda, ndiyo nguvu ya kamari. Mshindi mmoja husikika redioni. Walioshindwa hawaitwi studio. Serikali yenyewe iliona uzito wa jambo hili: tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na miongozo iliyofuata ikakataza watu mashuhuri kutumiwa kuinadi.

Ya nne ni kuazima heshima ya mwingine, na hapa Gusii tuna udhaifu wetu. Mtangazaji wa redio ya Ekegusii akishasoma matangazo ya vifo, sauti hiyo hiyo husifu dawa ya mgongo, naye msikilizaji huhisi kwamba omogaka, mzee wa kijijini, ndiye anayemshauri. Kumbe nafasi hiyo imelipiwa. Nembo nayo huazimwa. Machi 2024, mbolea isiyofikia viwango iligunduliwa kuwa imeuzwa kwa wakulima kupitia maghala ya bodi ya nafaka, NCPB, mahali ambapo mkulima hakuwa na sababu ya kushuku gunia.

Kwa hiyo usiitazame nembo tu, ithibitishe. Bidhaa yenye alama ya shirika la viwango, KEBS, ina namba ya kibali: tuma neno SM, alama ya reli (#), kisha namba hiyo kwa 20023, uone jina la mtengenezaji. Pakiti ya mbegu ina stika ya KEPHIS. Kwangua, utume namba kwa 1393. Anayeomba akiba yako atakuonyesha cheti cha usajili wa kampuni, na huenda cheti kikawa halisi. Hakitoshi. Kusajili kampuni hakumpi mtu ruhusa ya kupokea akiba za watu. Uliza leseni, halafu tafuta jina hilo katika orodha ya SASRA ikiwa ni sacco, au ya CMA ikiwa ni uwekezaji.

Ukishadanganywa, Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Nenda na ushahidi: risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha ya bango. Tangazo la redio rekodi kwa simu, uandike kituo, tarehe na saa, kwa maana wiki ijayo litakuwa limebadilishwa maneno.