Machozi ya Hana

JUMATANO

Soma 1 Samweli 1:1–18. Ni nani walioongeza maumivu ya Hana? Ni nani aliyeyapunguza, na kwa njia gani?

Hana aliumizwa mara mbili. Nyumbani alichokozwa na Penina. Hekaluni Eli, kuhani wa Bwana, alimdhania kuwa mlevi. Lakini Eli alipomsikiliza, alimruhusu aende kwa amani. Angalia fungu la 18: Hana alikula, na huzuni ikamwondoka usoni. Wakati huo alikuwa bado hajachukua mimba. Faraja ilitangulia mtoto.

Fikiria wanandoa wa kanisa moja huko Butimba, Mwanza, walio katika mwaka wa saba wa ndoa. Kila Sabato mke huulizwa, “Mjukuu lini?” Mume haulizwi kitu, hushauriwa tu kando aoe mwingine. Lakini chanzo cha ugumba chaweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili. Ndiyo maana daktari huwapima wote.

Mtoto wa kwanza wa upandikizaji mimba, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Wengi waliona kwamba wanadamu wameingilia kazi ya Mungu. Leo tiba hiyo inatolewa hata Afrika Mashariki, na jambo lililokuwa la kunong’onezana linazungumzwa wazi. Mwaka 1994 Kanisa la Waadventista Wasabato lilitoa mwongozo. Kukosa mtoto kusihesabiwe kuwa aibu. Mume na mke wanaweza kupokea msaada wa tabibu kwa dhamiri njema, ndani ya uaminifu wa ndoa yao. Mbegu au yai la mtu wa tatu, au kubebewa mimba, huleta matatizo ambayo ni heri kuyaepuka. Uhai wa binadamu uheshimiwe katika kila hatua, na gharama zipimwe kwa uwakili mwema. Kuasili mtoto nako ni njia ya kufikiriwa kwa maombi.

Hata hivyo, tiba hii haina uhakika. Wengine humaliza akiba yao na kurudi mikono mitupu. Hao nao wanahitaji kanisa linalosikiliza kabla ya kuhukumu.

Soma Warumi 12:15. Ni maneno gani ya mazoea katika kanisa lenu huwaumiza wasio na watoto? Juma hili, darasa lenu litafanya nini ili wapate faraja hata kabla ya jibu la maombi yao?