Kurudi kijijini au kukaa mjini: tupige hesabu kabla ya kukata tiketi

Ndugu zetu mlio mbali na nyumbani, somo la leo limetokana na swali tulilotumiwa na dada mmoja aliyeko Muscat. Ametukubalia tulitumie bila jina lake. Ni fundi wa kushona katika duka la nguo, ana miaka 9 huko, na akiba yake imefika shilingi milioni 34. Watoto wake wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine darasa la nne, wanaishi Mbagala na mdogo wake kwenye nyumba ya kupanga. Mama yake mzazi yuko kijijini wilaya ya Muheza, ana presha na sukari, na analindwa na binti wa kazi. Dada anataka kuacha kazi, awachukue watoto, wakaishi wote kwa mama. Anauliza: "Ni kweli kijijini maisha ni rahisi, au najidanganya?"

Sisi kwa kazi yetu tunapenda kuanza na karatasi. Mapenzi ya mama tutayafikia, lakini kwanza tuone hela inakwenda wapi.

Kwa sasa Mbagala inakula hivi kwa mwezi: pango 160,000, umeme na maji 45,000, chakula 420,000, nauli 130,000, mahitaji ya shule 60,000, na dharura 50,000. Jumla 865,000. Juu yake anamtumia mama 120,000. Kwa hiyo kila mwezi zinatoka 985,000, naye anabakiza kama 300,000 za kuweka.

Kisha akatuandikia bajeti ya kijijini kama alivyoiona yeye: umeme na maji 20,000, chakula 100,000, nauli 30,000, shule 60,000. Jumla 210,000. Ukiangalia hapo unaona mbingu na ardhi, nani asingehama kesho?

Tukampigia simu tukaipitia naye mstari kwa mstari. Chakula kwanza. Wengi wetu tuna ile imani kwamba shambani mtu anakula bure. Ndiyo, muhogo upo, nazi zipo, mboga zipo. Lakini mchele, sukari, mafuta, sabuni na gesi vinatoka dukani, na duka la kijijini linauza kwa bei ya mjini na nauli juu yake. Tena unanunua kidogo kidogo, mafuta ya kupimiwa, ambayo siku zote ni ghali kuliko dumu. Kwa watu wanne tukaandika 260,000. Nauli tukaweka 70,000, kwa sababu kliniki ya mama iko Muheza mjini, na bodaboda wakati wa mvua haendi kwa bei ya kiangazi. Shule 90,000: ada ya shule za serikali iliondolewa, sawa, lakini sekondari iko mbali na kitongoji chao na binti itabidi akae hosteli. Simu na bando 25,000. Dawa za mama 40,000. Dharura 50,000.

Mstari mmoja hakuwa ameuandika kabisa, nao ni michango. Huyu katoka Arabuni. Msiba, harusi, ngoma, mtoto wa jirani kafaulu, wote watabisha hodi. Mjini unaweza kusema umetingwa na kazi, kijijini wanakuona umekaa barazani. Tukaweka 60,000, na tukamshauri akifika awe na kiwango kimoja kinachojulikana kwa misiba na kingine kwa sherehe, ili asionekane anambagua mtu.

Jumla mpya: 615,000. Bado ni chini ya Mbagala, hilo hatubishi. Ila tusiishie hapo, maana swali la mtu anayeacha mshahara ni hili: akiba yangu itanibeba miezi mingapi kabla sijapata kipato kingine?

Akihamia Dar es Salaam, atoe milioni 1.5 ya safari na mizigo, anabaki na milioni 32.5. Ukigawa kwa 985,000 unapata miezi 33. Akihamia kijijini anatoa milioni 1.5 hiyo hiyo, milioni 9 za kukarabati nyumba ya mama (bati, choo cha ndani, vyumba viwili vya watoto), na milioni 2.5 za tangi na mabomba. Anabaki na milioni 21. Ukigawa kwa 615,000 unapata miezi 34.

Tuliirudia hesabu hii mara mbili, maana hata sisi ilitushangaza. Tofauti ni mwezi mmoja! Urahisi wa kijijini unalipiwa mwanzoni, kwa mkupuo. Faida yake utaiona mwaka wa nne, pale ambapo aliyeko mjini bado analipa pango na wewe una paa lako. Kwa hiyo anayehamia shamba kwa mawazo kwamba akiba itadumu mara mbili, aangalie kwanza nyumba atakayofikia ikoje.

Hapo sasa dada akatuambia jambo alilokuwa amelificha. Hakutaka kukarabati. Alitaka kujenga nyumba mpya, ya milioni 22, pembeni ya ile ya mama. Fanya naye hesabu: 34 toa 22, toa 2.5, toa 1.5, inabaki milioni 8. Hiyo ni miezi 13. Baada ya hapo una nyumba nzuri yenye vigae, na unaomba chumvi kwa jirani.

Na kiwanja chenyewe ni cha nani? Ardhi ni ya marehemu baba, haijagawanywa, na wao wamezaliwa wanne. Hapa tunaomba kila msomaji asimame kidogo. Nyumba hufuata ardhi. Ukijenga juu ya urithi ambao haujagawanywa, umeweka jasho la miaka 9 ndani ya mali ya watu wanne na mjane. Leo mnapendana, hamna shida. Lakini mmoja akifariki, wake zake au wanawe hawakujui, wanajua "nyumba ya babu". Tumeziona kesi za namna hii za kutosha, na nyingi zilianza kwa maneno "sisi kwetu hatuna ugomvi".

Utaratibu si mgumu kama watu wanavyouogopa. Ukoo unakaa kikao, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, anapendekezwa msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha. Msimamizi akishagawa, kila mmoja anajua mipaka yake. Baada ya hapo, kwa ardhi ya kijiji, unaweza kuomba hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Maombi yanapitia halmashauri ya kijiji, na kijiji chenyewe kinatakiwa kiwe na cheti chake cha ardhi, kwa hiyo muulize mtendaji mapema. Vivyo hivyo kwa anayenunua shamba jipya: karatasi mliyoandikiana na muuzaji chini ya mwembe, hata ikiwa na mashahidi kumi, haitoshi kama serikali ya kijiji haikushirikishwa. Na ninyi mliochukua uraia wa Uingereza au Marekani, msitume hela ya ardhi kwa jina lenu kabla ya kuuliza ubalozini, maana Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na sheria ya ardhi haimtazami asiye raia kama mzawa.

Turudi kwenye kipato. Dada alitegemea machungwa ya baba. Muheza ni ya machungwa, kila anayepita njia ya kwenda Tanga anayaona barabarani. Lakini msimu ukishika, kila mtu anavuna wiki hiyo hiyo, na chungwa halisubiri. Mnunuzi anakuja na fuso lake, anaangalia shamba, anataja bei ya mtini, na wewe huna ghala wala gari. Michungwa yenyewe ni mizee. Ukipanda mipya ya kubebesha, utasubiri miaka mitatu au zaidi ndipo uone tunda la maana. Tulimwambia machungwa ayaandike kama nyongeza, mshahara asiyaite.

Kipato chake kiko mikononi. Fundi aliyeshona miaka 9 mjini Muscat hakosi kazi Muheza: sare za shule mwezi wa Januari, madera na abaya kuelekea sikukuu, marekebisho kila siku. Umeme upo kijijini kwao, na kuunganishiwa kwa vijijini ada iliwekwa shilingi 27,000. Tuliomba aandike lengo dogo, 300,000 kwa mwezi baada ya miezi sita. Likitimia, kila mwezi atakuwa anatoa kwenye akiba 315,000 badala ya 615,000, na hapo maisha yanabadilika kabisa.

Malipo ya mwisho wa kazi hatukuyaweka kwenye hesabu, na wewe usiyaweke mpaka yaingie benki. Kumbuka yanakokotolewa kwa mshahara wa msingi, posho haimo. Walioko Emirates, kwa kazi zilizo chini ya sheria ya kazi, ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30. Na mlioko Uingereza mnaofikiria kuzeekea shamba: pensheni ya serikali ya huko mtalipwa hata mkiwa Tanzania au Kenya, lakini haitapanda kila mwaka kama ya waliobaki.

Sasa upande usioandikika kwenye daftari. Mama ana miaka 74. Hospitali Teule iko Muheza, Bombo iko Tanga, kwa hiyo kijiji chao si porini. Lakini mama anasahau dawa, na binti wa kazi hajui kusoma kipimo. Dada alituambia: "Kila simu ya usiku natetemeka." Hilo lina bei gani? Sisi hatuna safu ya kuliandikia. Tulichoweza ni kumwonyesha kusubiri kunaleta nini: akikaa mwaka mmoja zaidi anaweka milioni 3.6, na hatumii milioni 7.38 ambazo angezitumia kijijini bila kipato. Jumla ni kama milioni 11. Tukamwambia wazi, mwaka huu mmoja kwako una thamani ya milioni 11, na kwa mama una thamani unayoijua wewe.

Watoto nao waulizwe. Binti wa kidato cha pili ana mtihani mwishoni mwa mwaka, na kumhamisha katikati ya muhula ni kumtafutia balaa. Isitoshe, kama hujaishi kijijini tangu utotoni, usijipime kwa likizo ya Desemba, wakati ndugu wote wamekuja na kila siku kuna pilau. Nenda masika, Aprili, barabara ikiwa tope, mbu wamejaa na mtandao unakatika. Ukimaliza mwezi ule bado unapapenda, basi unapapenda kweli. Anayeweza, apange kwanza vyumba viwili Muheza mjini kwa miezi sita, awe anakwenda kwa mama na kurudi.

Akiba asiivunje yote. Rial ya Oman imefungwa kwa dola, shilingi yetu inapanda na kushuka, kwa hiyo hakuna haraka ya kubadilisha zote siku moja. Sehemu ambayo haitaguswa miaka miwili inaweza kwenda kwenye hatifungani za serikali, zinaanzia milioni 1 na zinalipa riba mara mbili kwa mwaka. Ile ya miezi 12 ya kwanza ikae benki, karibu.

Dada alitujibu baada ya wiki mbili. Hatasubiri mwaka, amesema mama hana mwaka wa kukopesha. Ataondoka binti akishafanya mtihani. Nyumba mpya ameiacha, atakarabati ya mama, na cherehani mbili amekwisha kuzinunua kwa tajiri wake kwa bei ya mtumba. Kaka yake mkubwa ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, naye atahudhuria kwa simu. Tumemwomba muhtasari wa kikao apigiwe picha na atumiwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika.