SOMO: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, na marafiki mnaochangia usafiri wetu,

Barua za namna hii hufika ofisini kwangu mara kwa mara: gari la usharika linatoa moshi wa bluu, fundi amesema injini ifumuliwe, tunaomba fedha za pistoni, ringi na beringi. Orodha ya vipuri imeambatanishwa, na injini yenyewe bado haijafunguliwa. Hata mimi nimewahi kuandika orodha kama hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pikapu kuukuu, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, silinda nne. Mimi si fundi. Niliifungua nyumbani kwangu nikiongozwa na jirani, fundi mstaafu, pamoja na kitabu cha mtengenezaji. Ringi na beringi za saizi ya kawaida nilikuwa nimekwisha kununua. Tulipopima, hazikufaa hata moja.

Silinda ya injini hiyo ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 96. Lakini hailiki sawasawa: hulika zaidi upande wa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, tena hupoteza uduara wake. Kwa hiyo hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa kufuata urefu wa injini na kwa kuukata. Ikiwa imepita kiwango cha kitabu, kuweka ringi mpya peke yake ni kazi bure, moshi utarudi. Itabidi ichongwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, au ivishwe slivu. Kranki nayo ikichongwa hupungua, ndipo huhitaji beringi nene zaidi, kwa mfano za 0.25 au 0.50. Hakuna ajuaye namba hizo kabla ya kupima.

Ndiyo maana nawaomba mlete maombi mara mbili. Kwanza fedha za kufungua, kuosha na kupima. Kisha orodha ya vipuri ikiwa na vipimo vilivyoandikwa na kutiwa sahihi na fundi. Wafadhili nao wasishangae kuona hesabu mbili.

Kosa langu la pili lilinigharimu zaidi. Bloki ilirudi kutoka kwa wachongaji iking'aa, nikadhani ni safi. Nikaifuta kwa tambara na mafuta ya taa, nikafunga. Baada ya wiki tatu injini ikaanza kugonga. Unga wa chuma na wa jiwe la kuchongea ulikuwa umebaki ndani ya njia za oili, ukasafiri hadi kwenye beringi za konrodi. Nikalipia kranki mara ya pili, kwa mshahara wangu.

Safari ile nyingine tulitoa vizibo vyote vya njia za oili, tukasugua ndani kwa brashi ndefu, tukaosha bloki kwa maji ya moto na sabuni, tukakausha kwa upepo wa kompresa na kuipaka oili papo hapo, maana kutu haisubiri. Tambara jeupe likipitishwa ndani ya silinda litoke jeupe.

Kofia za konrodi na za kranki zitiwe alama kabla ya kutolewa. Kila moja irudi mahali pake na upande wake. Bolti za silinda hedi zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu. Fundi akisema mkono wake unajua, mwazimieni spana hiyo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, chomoa waya wa kukatia dizeli kwenye pampu, zungusha kwa stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe waya. Wengine huiacha injini ikinguruma mahali pamoja kutwa nzima. Mwendo wa barabarani, wenye mzigo wa wastani, hukalisha ringi vizuri zaidi. Oili ya kwanza na filta tulibadilisha baada ya kilomita 1,000. Andikeni kilomita hizo kwenye daftari la gari, maana madereva hubadilishana.