Mifupa ya Chuma ya Nyumba za Orofa

Wazee wetu wa Kilimanjaro walipojenga nyumba ya msonge walianza na mifupa yake. Walichimbia nguzo, wakasimamisha fito ndefu kuzunguka duara, wakaziinamisha mpaka ncha zikakutana juu, kisha wakazifunga kwa fito nyembamba za kuzunguka, mviringo juu ya mviringo. Hapo nyumba ilikuwa imekwisha kusimama, ingawa aliye nje aliweza kumwona aliye ndani. Ndipo yalipoletwa majani, nayo yalizuia mvua na baridi, wala hayakubeba uzito wowote ila uzito wake yenyewe.

Nyumba ya mawe ina tabia nyingine. Ukuta wake hufanya kazi mbili: hufunika, tena hubeba. Kila orofa ya juu huilemea ile ya chini, na kwa hiyo jengo likizidi kupanda, ukuta wa chini hauna budi kuzidi kunenepa. Katika mji wa Chicago, Marekani, lilimalizika mwaka 1891 jengo la matofali liitwalo Monadnock, lenye orofa 16. Kuta zake za chini zina unene wa karibu mita 1.8, yaani mtu mrefu angeweza kulala ndani ya unene wa ukuta. Walakini katika mji huohuo, mwaka 1885, mhandisi William Le Baron Jenney alikuwa amekwisha maliza jengo la orofa 10 ambalo sehemu kubwa ya uzito wake ilibebwa na mifupa ya chuma, na kuta zikawa kama nguo tu. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1931, lakini njia yake ilikuwa imekwisha enea. Sisemi kwamba Jenney alifika Machame kujifunza. Lakini mzee yeyote wa Machame angalimwelewa.

Faida ya pili ya mifupa ya chuma ni hii, kwamba yaweza kufanywa mbali na mahali itakaposimama. Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili katika nchi yetu si nyumba, ni meli. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa katika mji wa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Mafundi waliiunga kwa bolti, wakahakikisha kwamba kila kipande chaingia mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuitia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalivuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakachukuliwa kwa reli mpaka Kigoma, na huko meli ikaungwa tena kwa kupigwa ribiti. Ilishushwa majini mwezi wa Februari 1915. Hebu fikirini: kama kasha moja lingalikosekana, au tundu moja lingalitobolewa mahali pasipo pake, kiwanda cha kulitengeneza kilikuwa upande wa pili wa dunia, na wakati ule palikuwa na vita.

Nyumba ya orofa tano au sita, ambamo jamaa wengi hupanga, hujengwa kwa njia iyo hiyo. Kwanza mhandisi hufanya hesabu na kuchora kila kipande. Michoro hupelekwa kiwandani, na huko chuma cha pua hukatwa, hutobolewa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na kuandikwa namba. Wakati uo huo, katika kiwanja, wengine huchimba msingi na kumimina zege, nao huacha bolti nene zimesimama ndani yake. Kwa kuwa kazi hizi mbili huenda pamoja, miezi mingi huokolewa. Vipande vikifika kwa malori, winchi huinua nguzo ya kwanza, na kitako chake huteremshwa juu ya bolti zile. Mara nyingi kipande kimoja cha nguzo huwa na urefu wa orofa mbili au tatu. Kisha boriti huunganisha nguzo na nguzo. Juu ya boriti hutandikwa mabati yenye migongo, na juu ya mabati humiminwa zege ya sakafu. Kuta huja mwisho, nazo zaweza kuwa nyepesi, kwa maana hazibebi kitu.

Tazameni umbo la boriti ya chuma: ukiikata utaona mfano wa herufi I. Si pambo. Weka ubao juu ya mawe mawili, ukae katikati. Ubao utapinda, upande wake wa juu wabanwa, upande wa chini wavutwa, na sehemu ya katikati haifanyi kazi kubwa. Basi watengenezaji wa chuma huweka unene juu na chini, na katikati huacha bamba jembamba tu la kuviunga. Kwa chuma kidogo wapata nguvu nyingi.

Sasa chukueni vijiti vinne, mvifunge pembeni kwa uzi mpate umbo la dirisha. Sukumeni pembe moja. Dirisha lote litalala upande. Fungeni kijiti cha tano kwa mshazari, toka pembe hata pembe, kisha msukume tena. Sasa halilali, kwa sababu mmekwisha pata pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo lake ila mmoja wa vijiti vyake uvunjike au ulegee. Ndiyo maana katika majengo ya chuma mtaona vyuma vya mshazari kati ya nguzo. Upepo huusukuma mji, na ardhi nayo hutikisika: tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliangusha nyumba nyingi huko Bukoba, na watu zaidi ya kumi wakafa. Sisi wa Kilimanjaro twakaa juu ya volkano, karibu na Bonde la Ufa. Mifupa ya chuma iliyoungwa vizuri hupinda na kurudi, lakini ukuta wa matofali usio na chuma hupasuka.

Nimesema, iliyoungwa vizuri. Bolti yenye unene wa milimita 20 hutobolewa tundu la milimita 22. Basi nafasi yote aliyo nayo fundi ni milimita mbili. Nguzo ikisimamishwa bila timazi, ikaegemea kidogo, boriti ya orofa ya tatu haitaingia. Fundi mwaminifu atarudi chini kuinyosha nguzo. Yule mwingine atachukua moto, apanue tundu, aingize bolti, apake rangi juu. Na mpangaji atakayelala juu ya kiungo hicho na watoto wake hatajua neno. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, nalo likaua watu zaidi ya 20. Hayo hayakuwa majengo ya mifupa ya chuma ya namna hii, lakini mtu asidhani kwamba chuma chamwokoa fundi mbaya. Kwangu mimi mkaguzi wa viungo ni mtu mkubwa kuliko mchoraji wa sura ya jumba.

Tena chuma kina adui wawili. Wa kwanza ni kutu, ambayo pwani hula upesi kwa sababu ya chumvi ya bahari. Wa pili ni moto. Chuma hakiwaki, lakini kikifika joto la digrii 600 hivi hupoteza yapata nusu ya nguvu zake, na boriti huanza kulegea kama mgomba uliokosa mhimili. Kwa hiyo nguzo za nyumba za watu hufunikwa kwa zege, au kwa mbao za jasi, au hupakwa rangi maalumu ambayo huumuka ikipata moto na kukinga chuma kwa muda, ili watu wapate kushuka ngazi.

Katika mji wa Moshi majumba mengi ya orofa yamejengwa kwa zege yenye nondo, wala sishangai. Mawe na mchanga vyapatikana karibu, na mafundi wa zege ni wengi. Chuma cha boriti nene hutoka mbali, winchi ni ya kukodi kwa fedha nyingi, na fundi wa kuchomelea aliyepimwa na kupewa cheti si rahisi kumpata. Kwa nyumba ya chini ya mtu mmoja mifupa ya chuma ni gharama ya bure. Lakini kwa jumba la orofa sita katika kiwanja chembamba cha mjini, pasipo na mahali pa kulundika mchanga wala matofali, naona hesabu yaweza kugeuka.

Maghala, karakana na vituo vya mafuta huko mjini vina mifupa ya namna hii, nayo haikufichwa. Mkipita, tazameni mahali boriti ikutanapo na nguzo, hesabuni bolti za kiungo kimoja, na mwangalie kama kila bolti ina nati yake.