Motokari ya Jeep: nguvu yake na hatari yake

Wafanyakazi, na ninyi mama na vijana wa nyumbani,

Kila siku katika kazi tunaona motokari ndogo ambazo magurudumu yake yote 4 yanavuta: Jeep, Land Rover, Land Cruiser. Zinapeleka shefu kwenye karieri, fundi kwenye mashini iliyoharibika, mugonjwa kwenye lopitali. Zinapita mu matope na juu ya mawe pasipo kukwama. Kwa hiyo watu wengi wanafikiri kwamba mutu aliye ndani yake hana sababu ya kuogopa. Wanajidanganya. Leo tutaangalia namna motokari hizi zilizaliwa. Tutaona kwamba umbo linalozisaidia kupita mahali hakuna njia, ni umbo lile lile linalozipindua katika njia nzuri.

1. Motokari iliyozaliwa kwa vita

Mwaka 1940, vita vilikuwa vimewaka katika Ulaya. Jeshi la Marekani lilitafuta motokari ndogo ya kuchukua kazi ya farasi na ya pikipiki: kupeleka barua, kupeleleza adui, kubeba bunduki kubwa. Jeshi liliomba mambo makali: motokari iwe nyepesi sana, ifupi, magurudumu yote 4 yavute, na ya kwanza iwe tayari kwa siku 49 tu.

Kampani ndogo ya Bantam, katika muji wa Butler, ilikubali. Fundi Karl Probst alichora plani kwa siku chache tu. Tarehe 23 Septemba 1940 motokari ya kwanza ilifika kwenye kambi ya Holabird, karibu na muji wa Baltimore. Lakini Bantam haikuweza kutengeneza nyingi sana. Jeshi likapatia kazi hiyo kampani mbili kubwa zaidi, Willys na Ford. Mpaka mwisho wa vita, mwaka 1945, zilitoka zaidi ya 600.000.

Tuangalie vipimo vya Jeep ile: uzito karibu kilo 1.100, urefu metre 3,36, upana metre 1,57 tu. Chini yake ilikuwa wazi, juu kutoka udongo, ili isigonge mawe. Haikuwa na milango, ili askari aruke nje upesi. Haikuwa na chuma cha kukinga kichwa. Kwa kazi ya vita, ilikuwa motokari muzuri kabisa. Lakini motere yake iliweza kuikimbiza karibu kilometa 100 kwa saa. Motokari nyembamba, iliyoinuka juu, na yenye mbio: hapo ndipo matatizo yalianzia.

2. Inaacha vita, inaingia mashamba na kazi

Kisha vita, watu wa shamba na wa kazi waliitaka motokari ile. Mwaka 1945 Willys ilianza kuuza Jeep ya raia. Katika Uingereza, Maurice Wilks wa kampani ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi kwenye shamba lake, katika kisiwa cha Anglesey. Aliona faida yake, akataka kampani yake itengeneze motokari ya namna ile. Land Rover ilionyeshwa katika Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mwili wake ulikuwa wa aluminiumu, kwa sababu chuma kilikosekana kisha vita.

Katika Japani, mwaka 1951, Toyota ilitengeneza motokari ya kufanana na Jeep. Ili kuonyesha nguvu yake, waliipandisha kwenye mulima Fuji mpaka kituo cha 6. Tangu mwaka 1954 inaitwa Land Cruiser. Ile ya namba 70, iliyoanza mwaka 1984, ingali inatengenezwa, na tunaiona sana katika karieri za Haut-Katanga na Lualaba.

Basi motokari za kazi yetu ni ndugu na watoto wa Jeep ya vita. Zilirizi nguvu yake. Zilirizi pia hatari yake.

3. Maaskari walioumia pasipo adui

Karibu mwaka 1960 jeshi la Marekani lilipata Jeep mupya, jina lake M151. Katika Jeep ya zamani, chuma kimoja kiliunganisha magurudumu mawili ya nyuma. Katika M151, kila gurudumu lilicheza peke yake. Katika njia mbaya askari walifurahi, kwa sababu motokari haikuwarusha-rusha sana tena.

Lakini wakati shofere alikata kona kwa mbio, magurudumu ya nyuma yaliweza kukunjama chini ya motokari, nayo ikapinduka. Maaskari wengi waliumia, na wengine walikufa, mbali na vita, katika njia tu. Hatari ilizidi wakati nyuma hakukuwa na muzigo. Mashofere wengine walijaza mchanga katika sanduku ya risasi, wakaiweka chini ya kiti cha nyuma, ili uzito ukae chini.

Karibu mwaka 1970 jeshi lilibadilisha magurudumu ya nyuma. Aksida zilipunguka, lakini hazikuisha. Katika miaka ya 1980 waliongeza vyuma vya kukinga watu motokari ikipinduka. Na wakati jeshi lilitupa M151 zilizozeeka, halikuziuza nzima kwa raia: lilizikata vipande kwanza, kwa sababu liliona ziko hatari sana katika njia za watu wote.

Tangu mwaka 1985 jeshi lile lilianza kutumia motokari ingine, HMMWV. Upana wake ni metre 2,16. Linganisha na ile metre 1,57 ya Jeep ya vita. Waliipanua ili isimame sawasawa.

4. Juu ya nini inapinduka?

Mama wa nyumba anajua jambo hili. Akiweka nyungu ndefu, yenye kujaa maji, juu ya mbabula mudogo, mutoto akiigusa kidogo tu, inaanguka. Sufuria ya chini na yenye upana haianguki vile. Motokari yenye kuinuka juu na yenye magurudumu karibu-karibu iko sawa na nyungu ile.

Katika kona, kuna nguvu inayoisukuma kando. Na nguvu hiyo inaongezeka kupita mbio yenyewe: ukikata kona ile ile kwa kilometa 60 kwa saa pahali pa 30, nguvu haiongezeki mara 2, inaongezeka mara 4.

Jambo lingine ambalo watu wanasahau: magurudumu 4 yenye kuvuta yanasaidia kwenda. Hayasaidie kufunga freni, wala kukata kona kwa mbio. Juu ya changarawe, motokari yenye kuvuta kwa magurudumu 4 inateleza kama zingine wakati wa kusimama.

5. Tufanye nini?

a) Funga mukaba, mbele na nyuma, hata kwa kilometa moja tu. Mukaba wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na fundi Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959. Motokari ikipinduka, mutu asiyefungwa anatupwa nje, na motokari inamulalia. Upinde wa chuma juu ya kichwa unakinga tu yule aliyebaki ndani.

b) Usiruke nje motokari ikianza kupinduka. Milango haikukosekana juu ya hiyo. Baki umefungwa, shika sana, mikono na miguu ndani.

c) Punguza mbio mbele ya kona. Ukifunga freni katikati ya kona, umechelewa.

d) Gurudumu likitoka pembeni ya njia, usivute usukani kwa nguvu. Ondoa muguu kwenye mafuta, acha motokari ipunguze mbio, kisha urudi pole pole.

e) Kwenye mulima, panda na shuka mbele kwa mbele. Usikate mulima kwa ubavu.

f) Muzigo muzito ukae chini, na ufungwe. Vyuma na mitungi juu ya paa vinaongeza urefu wa nyungu. Kumbuka ile sanduku ya mchanga.

g) Usibebe watu nyuma pamoja na muzigo. Mama na vijana, musiombe shofere awabebe vile. Akikataa, musimukasirikie: anawapenda.

h) Katika karieri, bendera ndefu isimame na taa ya juu iwake. Shofere wa kamio kubwa anakaa juu sana, na haoni motokari ndogo iliyo karibu naye. Usisimame mbele yake wala nyuma yake pasipo kusema naye kwa radio na kupata jibu.

6. Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

— Juu ya nini Jeep ya mwaka 1940 ilitengenezwa nyembamba na yenye kuinuka?
— Juu ya nini jeshi lilikata M151 vipande pahali pa kuziuza?
— Mbio ikiongezeka mara 2, nguvu ya kusukuma motokari kando inaongezeka mara ngapi?
— Magurudumu 4 yenye kuvuta yanasaidia nini, na hayasaidie nini?
— Baba akipanda motokari ya kazi kesho asubuhi, kitu gani atafanya mbele ya kuwasha motere?

Mutoto akijua jibu la mwisho, amukumbushe baba yake mbele atoke nyumbani. Wakubwa wa jeshi walihitaji miaka mingi na watu wengi walioumia ili kujifunza mambo haya. Sisi tumeyasoma kwa dakika chache. Tuyatumikishe, ili kila mutu aliyeenda kazini arudi kwa watu wake.