Mgombea wa Katikati na Mgombea wa Umma: Somo kutoka Ufuko wa Ziwa Viktoria

Aghalabu huulizwa swali hili: chama kinapokabiliwa na mgombea anayejitangaza kuwa sauti ya umma dhidi ya wakubwa, je, kimweke mgombea wa msimamo wa kati, au mwenye itikadi kali iliyo wazi? Kabla ya kulijibu, yafaa kuchunguza kanuni ambayo kwayo wataalamu hulipima.

Kanuni ya ufuko

Mwanafunzi na achore mstari mnyofu mfano wa ufuko wa ziwa, na juu yake aweke nyumba 9, zenye namba 1 hadi 9, zikiachana kilometa moja moja. Wauza dagaa wawili, A na B, wanauza kwa bei moja, na kila nyumba hununua kwa aliye karibu nayo. A akikaa penye namba 3 na B penye namba 6, A atapata wanunuzi 4 na B wanunuzi 5. A akihamia namba 5, yaani katikati, atapata 5 na B atabakiwa na 4. Kwa hiyo kila muuzaji huvutwa kuelekea katikati.

Hoja ya namna hii ilielezwa na mchumi wa Marekani, Harold Hotelling, mwaka 1929. Mwaka 1957 Anthony Downs aliitumia kwa mapana kueleza uchaguzi: badala ya nyumba aliweka wapiga kura, na badala ya ufuko aliweka mstari wa itikadi, kutoka mrengo wa kushoto hadi wa kulia.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina masharti. Ikiwa mtu hatatoka nyumbani endapo mgombea aliye karibu naye yuko zaidi ya kilometa 3, basi A akikaa namba 5 atampoteza mkazi wa namba 1, na kura zitakuwa 4 kwa 4. Hii ndiyo hoja ya watetezi wa itikadi: anayekimbilia katikati huweza kuwaacha wafuasi wake wa pembezoni. Sharti la pili ni zito zaidi: kanuni hudhani kuwa wapiga kura wote wanapima kwa mstari mmoja tu.

Uchaguzi wa 1965

Historia ya Mwanza yatoa jaribio adimu juu ya sharti hilo la pili. Mwaka 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi ya Bara wagombea wawili, wote wa TANU, walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wote walifungwa na sera moja. Kwa maneno mengine, mstari wa itikadi ulikuwa umefutwa.

Lau watu wangepima kwa mstari huo peke yake, wasingekuwa na sababu ya kumbagua mgombea yeyote. Lakini wabunge wengi walioshika viti, pamoja na baadhi ya mawaziri, waliangushwa. Miongoni mwao alikuwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeshindwa mkoani Mwanza. Huyu hakuwa mgeni: ndiye aliyeongoza ujenzi wa ushirika wa wakulima wa pamba katika kanda hiyo miaka ya 1950. Baadaye alirudi Bungeni kwa njia nyingine, akawa waziri tena. Wasomi walioongozwa na Lionel Cliffe waliuchunguza uchaguzi huo, na kitabu chao kilitoka mwaka 1967. Ilidhihirika kwamba majimboni watu walijali zaidi mbunge amewatumikiaje na yuko karibu nao kiasi gani, kuliko sera za taifa.

Upo, basi, mstari wa pili: kutoka kwa wakubwa walio mbali hadi kwa mwananchi wa kawaida. Mgombea wa umma hujijengea nguvu katika mstari huu.

Mwaka 2010 na 2015

Mwaka 2010, katika jimbo la Nyamagana, jijini Mwanza, Ezekia Wenje wa CHADEMA alimshinda Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani. Jimbo la Ilemela nalo lilichukuliwa na CHADEMA, chama kilichokuwa kikipaza sauti dhidi ya ufisadi.

Mwaka 2015 umoja wa UKAWA ulimweka Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetoka CCM mwezi Julai mwaka huo. Katika mstari wa kwanza, hiyo ilikuwa hatua kuelekea katikati. Katika mstari wa pili ilikuwa na gharama, kwani Lowassa alijiuzulu mwaka 2008 kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, ingawa alikana kosa. CCM ilimweka John Magufuli wa Chato, kando ya ziwa hilohilo, kwa wito wa "Hapa Kazi Tu". Magufuli alipata asilimia 58.46, Lowassa asilimia 39.97. Nyamagana na Ilemela zilirudi CCM.

Isidhaniwe kuwa katikati hakukuleta kitu. Mwaka 2010 Willibrod Slaa wa CHADEMA na Ibrahim Lipumba wa CUF walipata kwa pamoja takriban asilimia 35. Wala matokeo hayo hayana sababu moja. Magufuli alikuwa mwana wa kanda hiyo. Lakini chama cha upinzani kilipata hatua upande mmoja huku kikiiachia CCM silaha yake upande wa pili.

Hitimisho

Swali la "katikati au itikadi" halijakamilika. Nchini Ufaransa mwaka 2017, Emmanuel Macron wa msimamo wa kati alimshinda Marine Le Pen. Nchini Brazili mwaka 2022, Lula wa mrengo wa kushoto alimshinda Jair Bolsonaro kwa asilimia 50.9, akiwa na mgombea mwenza aliyewahi kuwa mpinzani wake. Yafaa kwanza kuuliza: wapiga kura wanapima kwa mstari upi?

Maswali

1. Rudia hesabu ya nyumba 9 endapo B atahamia namba 7 na A akabaki namba 5, mbali na bila sharti la kilometa 3.
2. Kwa nini uchaguzi wa 1965 unafaa kuitwa jaribio?
3. Chora mistari miwili inayokatana, uwaweke wagombea wa kijiji chako.